Mwongozo kamili: kumpa fundi cherehani kazi ya begi la kisasa, litoke zuri na kwa bei unayoiweza

Malalamiko ni yale yale kila siku. Mtu kaona begi la kampuni kubwa, kalipenda, bei haishikiki, kapiga picha ya skrini kampelekea fundi kamwambia nitengenezee kama hili, afu siku ya kuchukua anakuta begi limelegea kama foronya, mikono haipiti begani, zipu inakwama kwenye kona. Lawama zote anabebeshwa fundi.

Mi mwenyewe begi langu la kwanza lilitoka hivo hivo. Nilivyolijaribu pale pale kwenye meza yake mkono ukagoma kupita, na yeye akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, hukuniambia utalivaa begani, kwenye picha yule kalishika mkononi." Nikaangalia tena simu, ni kweli, yule mwanamke alilishika mkononi. Toka siku ile najua kwamba picha haina sentimita. Fundi anashona alichopewa vipimo, ambacho hakupewa anakisia, na kila anapokisia ndo begi lako linapokwenda kombo.

Mwongozo huu nimeuandikia begi la kubeba begani lenye kitako, mana ndo linalowashinda wengi. Mkanda wa kiunoni, skafu na vibana nywele nimeviweka mwishoni kwa kifupi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Picha za begi unalolipenda: mbele, ubavuni, kitako, ndani, na moja ya karibu inayoonyesha mikono ilivyoshikizwa. Picha ya mbele peke yake haitoshi kabisa
- Tepu ya kupimia, kalamu, na karatasi yenye vipimo
- Magazeti kadhaa na gundi ya karatasi
- Kitambaa cha nje mita 1, chenye upana wa sentimita 114 au zaidi (ile wanayoiita inchi 45)
- Kitambaa cha bitana mita 1
- Kile kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa pasi. Mafundi wanakiita majina tofauti, gamu, stifu, we muonyeshe kola ya shati ya kiume mwambie nataka kilichomo humu ndani, ataelewa
- Uzi wa polista, sio wa pamba
- Vyuma: kifungo cha sumaku, zipu fupi ya mfuko wa ndani, na pete kama mtindo wako unazihitaji
- Kipande cha plastiki ngumu cha kuweka kwenye kitako
- Shuka kuukuu la kufanyia sampuli

Vitu hivi nunua mwenyewe. Sio kwamba fundi atakuibia, ila akinunua yeye atachukua kilichopo karibu na dukani kwake, na we utakuja kulipia kitu ambacho hukukichagua.

## Hatua ya 1: Chukua mtindo, nembo iache

Hapa sizunguki. Usimwambie fundi akuwekee jina wala nembo ya kampuni, hata ile michoro ya herufi inayojirudia kwenye kitambaa usiinunue. Ni alama zilizosajiliwa kisheria na begi lako litakuwa feki hata kama limeshonwa vizuri kuliko lile halisi. Hata umbo zima la begi linaweza kusajiliwa, mfano begi la Birkin la kampuni ya Hermès umbo lake limesajiliwa Marekani kama alama ya biashara, kwa hiyo kunakili kila kitu mpaka kufuli lake sio wazo zuri.

Ambacho unaweza kuchukua ni vile vitu vinavyofanya begi lionekane la bei: rangi mbili zilizotulia, mshono wa juu uliokwenda mstari mmoja, mikono yenye urefu sahihi, kitako kinachosimama, vyuma vya rangi moja. Kaa na ile picha uandike ni vitu gani vitatu hasa vilivyokuvutia. Mara nyingi utakuta sio nembo, ni jinsi begi linavyosimama wima lenyewe na jinsi mikono ilivyo na rangi tofauti na mwili. Hivo vitatu ndo unavyovilipia, vingine vyote vinaweza kurahisishwa, na hapo ndo bei inaposhuka.

## Hatua ya 2: Igeuze picha iwe sentimita

Hii ndo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, isome taratibu.

Anza na vitu utakavyobeba. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, kwa hiyo begi la kubebea mafaili likiwa na upana wa 28 faili halilali. Kompyuta mpakato yako ipime mwenyewe kwa tepu, ile namba ya inchi inayotajwa dukani ni ya kioo tu tena kwa mshazari, haina uhusiano na upana wa begi.

Nakupa mfano mmoja mpaka mwisho, namba utabadilisha mwenyewe. Tuseme begi likishakamilika unataka upana wa 38, kimo 32, na kitako chenye kina cha 12.

Hivi sio vipimo vya kukatia!! Rudia tena hiyo sentensi kichwani, mana mabegi mengi yanatoka madogo kwa sababu fundi kaambiwa 38 kwa 32 na yeye kakata 38 kwa 32. Kitambaa kinaliwa na mshono na kinaliwa na kitako.

Hesabu yake iko hivi, nafasi ya kushonea ukiweka sentimita 1.5 kila upande:

- Upana wa kukata: 38 + 12 ya kitako + 3 ya mishono miwili = 53
- Kimo cha kukata: 32 + 6 (nusu ya kitako) + 3 ya mishono ya juu na chini = 41

Kwa hiyo unakata vipande viwili vya 53 kwa 41. Vikilazwa sambamba vinakula 106 ya upana wa kitambaa, ndo mana nimesema 114 inatosha.

Kitako kinapatikana hivi: fundi akishashona ubavu na chini, anabana kona mpaka mshono wa ubavuni ulale juu ya mshono wa chini, inatokea pembe kama sambusa, anachora mstari wa kukatisha mahali ambapo pembe ina upana wa sentimita 12, anashona hapo, kile kijipembe kinachobaki anakikata. Kona zote mbili. Mdomo wa juu ukiutandaza utasoma 50, usishtuke, zile 12 zimeingia ubavuni, begi likisimama litakaa kwenye 38 yake.

Mikono sasa. Simama mbele ya kioo, weka tepu begani uiache ishuke mpaka pale unapotaka mdomo wa begi uwe, chini kidogo ya kwapa. Wengi wanapata kati ya 25 na 30. Ukitaka uvae na koti juu ongeza 4. Mkono wa kukatwa wenye urefu wa 70, ukitoa sentimita 4 kila ncha zinazoshonewa mwilini, unakupa mshuko wa kati ya 25 na 30 hizo hizo. Upana kata 12, unakunjwa mara nne inatoka mikono ya sentimita 3. Chini ya hapo mikono inakata bega ukibeba kitu kizito.

Chora haya yote kwenye karatasi, begi kwa mbele na begi kwa ubavuni, kila mstari na namba yake. Mchoro ukiwa mbaya haidhuru. Chini ya mchoro andika kwa maneno makubwa VIPIMO VYA BEGI LILILOKAMILIKA, na pembeni VIPIMO VYA KUKATA, asije akachanganya.

Afu kata magazeti kwa vipimo vya begi lililokamilika, yabandike kwa gundi, livae hilo begi la gazeti mbele ya kioo. Nafanya hivi kila mara na kila mara nabadilisha kitu, kimo kinapungua au mikono inaongezeka. Kubadilisha gazeti ni bure.

## Hatua ya 3: Kitambaa

Kwa begi la kwanza chukua turubai la pamba au jinzi nzito. Vinasimama, havitelezi chini ya sindano, na cherehani ya kawaida inavipitisha. Jinzi ya suruali kuukuu inafaa kabisa kama mapaja yake bado hayajachakaa, ila itabidi uunge vipande.

Ngozi bandia inavutia sana machoni na ndo mtego mkubwa. Ile ya bei ya chini ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwenye kitambaa, na ukikaa sehemu ya joto na unyevu utando unabanduka vipande vipande, we umeshalipia ufundi wote. Kabla ya kununua ikunje kipande kwa vidole ubane kwa nguvu uachie. Ikibaki alama nyeupe au nyufa ndogo ndogo rudisha. Igeuze uangalie na mgongo wake, kama mgongo ni kitambaa kilichofumwa kikakaza hapo sawa, kama ni kitu laini kama pamba iliyobandikwa kinachochanika kwa kucha, achana nayo.

Ngozi halisi ni nzuri ila sio kila fundi nguo ana mashine yake. Ngozi ya milimita 1 ikikunjwa mara nne kwenye mkono ni milimita 4, sindano inavunjika hapo. Ukiitaka, weka ngozi kwenye mikono tu, na hiyo mikono mpelekee fundi viatu aishone, mwili fundi nguo ashone turubai. Begi linaonekana la gharama na ngozi iliyotumika ni vipande viwili tu. Hii njia naipenda kuliko zote.

Kama ni pamba ifue kwanza, ianike, ipige pasi, ndo uipeleke. Pamba inarudi ikifuliwa, na ikirudi baada ya kushonwa wakati bitana yake ya polista hairudi, begi litajikunja kama jani kavu na hakuna pasi itakayolinyoosha.

## Hatua ya 4: Vyuma na zipu

Begi linazeekea kwenye vyuma. Nenda na kisumaku kidogo, hata kile cha kubandika kwenye friji. Pete ya shaba haivutwi, ya zinki haivutwi, ila ya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu inavutwa, na hiyo ndo itakayoshika kutu na kukuchafulia nguo.

Kama begi lako linafungwa kwa zipu mdomoni badala ya sumaku, zipu hiyo iwe namba 5, mara nyingi namba imeandikwa mgongoni mwa kile kichwa cha kuvutia. Namba 3 ni ya sketi na vijimfuko. Iwe ndefu kuliko mdomo kwa sentimita 5 hivi, mana zipu iliyoishia pale pale mdomo unapoishia ndo ile inayokwama konani.

Kuokoa pesa: begi la zamani lililochanika usilitupe, fumua pete, kulabu na vile vichwa vya zipu. Vyuma vya begi la zamani zuri mara nyingi vinavishinda vipya vya bei ya chini. Ila viwe rangi moja vyote. Dhahabu na fedha kwenye begi moja zinalishusha hadhi papo hapo.

## Hatua ya 5: Chagua fundi kwa kuangalia ndani

Usimuulize kama anaweza. Kila mtu anaweza. Muombe akuonyeshe begi, pochi au hata koti alilolishona, uligeuze ndani nje. Nje kila fundi anapamba, ndani ndo anapojulikana: nyuzi zinaning'inia? kingo zimepigwa ovaloki au zimeachwa zichambuke? mishono imerudiwa rudiwa juu ya mwingine?

Afu toa kipande cha kitambaa chako, kikunje mara nne, mwambie, "Fundi, naomba unipigie mstari wa sentimita 10 hapa nione mashine inavyokipokea." Fundi mzuri hakasiriki, tena anafurahi kuona umekuja na kipande.

Angalia hivi:

- Mshono ukiruka matundu, sindano ni ndogo au butu. Kwa jinzi na turubai mwombe sindano namba 16, na pale penye mikunjo mingi namba 18
- Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, mkazo wa uzi haujakaa sawa, anaweza kuurekebisha mbele yako
- Mashine ikikwama au ikilia kwa tabu, mashine hiyo haitashona mikono. Mshukuru uende kwingine, hata kama bei yake ni nzuri

Urefu wa mshono nao utaje. Kwa begi la kitambaa milimita 3 hadi 3.5, kwa ngozi 3.5 hadi 4. Kwenye ngozi matundu yakikaribiana sana unakuwa umeitoboa mstari wa kuchania, itachanika hapo hapo kama stempu. Na pini kwenye ngozi au ngozi bandia ni marufuku, tundu halizibi, atumie vibanio.

## Hatua ya 6: Makubaliano yaandikwe

Fupi tu ila yaandikwe, kila mmoja abaki na picha ya hiyo karatasi kwenye simu: bei ya ufundi peke yake bila vifaa, adivansi kiasi gani, tarehe ya kukata, tarehe ya wewe kuja kuangalia kabla bitana haijafungwa, tarehe ya kuchukua, na siku chache za kurudisha kwa marekebisho. Na nani analipia kitambaa kikiharibika kwenye kukata. Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuliuliza, liulize mapema wakati bado mnacheka, baadaye litaulizwa kwa hasira.

Usilipe yote mwanzoni. Nusu inatosha, fundi anapata nguvu ya kuanza na we unabaki na nafasi ya kusema hapa rekebisha.

Bei inashuka vizuri ukifanya mambo mawili. La kwanza punguza mifuko, kila mfuko wenye zipu ni kazi ya peke yake. La pili agizeni wawili watatu kwa pamoja begi la aina moja, mana kupima, kuchora na kukata kunafanyika mara moja. Kupunguza bei kwa kumbembeleza fundi mpaka achoke sikushauri, atakushonea haraka haraka aende kwenye kazi inayomlipa, na ni haki yake.

## Hatua ya 7: Sampuli ya shuka, ndo kukata

Kama kitambaa chako ni cha gharama, mlipe kidogo ashone kwanza mwili na mikono kwa lile shuka kuukuu, bila bitana, bila vyuma. Mishono mirefu ya haraka haraka inatosha. Livae, weka vitu vyako ndani, ona. Kama kitambaa ni cha bei ya kawaida unaweza kuruka hapa, gazeti lilishakusaidia.

Siku ya kukata uwepo. Dakika ishirini tu. Kabla mkasi haujaingia, chukua tepu yako upime mistari ya chaki mwenyewe: 53, 41. Mwambie fundi huna wasiwasi naye ila wewe ndo uliyepiga hesabu, unataka ujihakiki. Kama kitambaa kina maua au mistari hakikisha yote yanaangalia juu kwenye vipande vyote viwili, mara ngapi nimeona begi mbele maua yamesimama nyuma yamepinduka!

Vipande vingine vinavyokatwa siku hiyo:

- Mikono miwili, 12 kwa 70
- Bitana vipande viwili, 53 kwa 40. Kimo kimepungua sentimita 1 makusudi, bitana ikilingana na nje inajikusanya chini na funguo zako zitapotelea humo
- Gamu vipande viwili, 50 kwa 38. Haifiki kwenye mishono, ikifika inafanya kona ziwe nene sindano isipite
- Plastiki ya kitako, 37 kwa 11, kona zake zizungushwe kwa mkasi zisije zikatoboa kitambaa. Usitumie boksi, likilowa limekwisha

Kugandisha gamu ni kubonyeza, sio kuvuta pasi huku na huku. Anaweka pasi mahali pamoja sekunde 10 hadi 15 juu ya kitambaa chenye unyevu kidogo, ananyanyua, anahamia pembeni, afu kipoe hapo hapo kabla ya kukishika. Imeshika sawa kama ukijaribu kuinua kona kwa ukucha haiinuki. Ukiona vipovu vipovu haijashika, irudiwe sasa hivi, begi likishashonwa hakuna namna.

## Hatua ya 8: Rudi kabla bitana haijafungwa

Ukikosa nafasi ya kuja mara zote, usikose hii.

Kila kitu kinacholifanya begi lidumu kiko kati ya kitambaa cha nje na bitana, na bitana ikishafungwa hukioni tena. Fundi akifika hapa akupigie simu. Ukifika omba begi ligeuzwe, tazama mambo haya:

Mikono ilipokaa. Kila ncha iwe na mraba ulioshonwa na msalaba katikati, na nyuma yake ndani kuwe na kipande cha ziada cha turubai au ngozi. Bila hicho kipande uzito wote unabebwa na kitambaa kimoja, na ndo pale mikono inapong'oka na tundu juu. Kama mikono ni ya ngozi vile vile. Mimi huwa naishika mikono na kuvuta kwa nguvu zangu zote mbele ya fundi, na nasikiliza. Nyuzi zikitoa mlio wa kukatika arudie.

Kifungo cha sumaku. Kina vimiguu viwili vinavyopita kwenye bitana na kukunjwa nyuma, hapo pia pawe na kipande cha kuimarisha, pamoja na kile kijisahani chake. Kikiwekwa juu ya bitana tupu baada ya wiki chache kinatoka na kitambaa chake. Pande zote mbili zipimwe kutoka ubavuni, zisipokutana begi halifungi na marekebisho yake ni kufumua.

Kona za kitako. Pima ule mstari wa sambusa, uwe 12 kona zote mbili. Moja ikiwa 12 nyingine 10 begi litalala upande mmoja maisha yake yote.

Kingo. Kama kitambaa kinachambuka, zipigwe ovaloki hata kama zitafichwa na bitana.

Ukisharidhika ndo bitana inaunganishwa mdomoni, begi linageuzwa kupitia uwazi wa sentimita 15 ulioachwa chini ya bitana, plastiki inaingizwa, uwazi unafungwa. Mwambie mdomo upigwe pasi kwanza, afu mshono wa juu upite milimita 5 kutoka ukingoni kuzunguka begi zima. Huo mshono mmoja ndo unaofanya watu waulize umenunua wapi, asiukimbie. Uzi wake uwe rangi moja na kitambaa kama huna uhakika na mkono wa fundi, mana uzi wa rangi tofauti unaonyesha kila kona aliyoyumba.

## Hatua ya 9: Siku ya kupokea

Usipokee ukiwa na haraka, na usipokee usiku.

1. Pima upana, kimo, kitako na mshuko wa mikono, linganisha na karatasi. Tofauti ya nusu sentimita ni kawaida, ya sentimita 2 sio kawaida.
2. Liweke mezani tupu. Kama uligandisha gamu vizuri na plastiki imekaa, litasimama lenyewe bila kulalia upande.
3. Fungua na kufunga kila zipu mara ishirini. Kweli ishirini. Zipu mbovu inajionyesha kwenye mara ya kumi na kitu.
4. Vuta kidogo mishono ya ubavu kwa pande mbili. Ukiona mwanga unapita kati ya nyuzi, mkazo ulikuwa legevu.
5. Livae begani ukiwa umevaa nguo zako za kawaida.

Jaribio la uzito lifanyie nyumbani siku hiyo hiyo, ndo mana kwenye makubaliano uwe umeandika siku chache za kurudisha kwa marekebisho. Chukua chupa tano za maji za lita 1, hizo ni kilo 5, zitie ndani, litundike begi kwenye kitasa imara au ndoano usiku mzima. Asubuhi angalia pale mikono iliposhonewa. Matundu ya sindano yakiwa yamepanuka au kitambaa kimevutika kufanya mdomo wa pembetatu, mrudishie fundi aongeze kipande nyuma, ni kazi ndogo kabla hujalitumia. Matundu yakiwa yale yale, begi lako limekamilika, lipia nusu iliyobaki na mshukuru kwa moyo.

## Vitu vidogo: mkanda, skafu, vibana nywele

Mkanda wa kiunoni ni kazi ya fundi viatu. Usimpe namba ya kiuno. Chukua mkanda unaokukaa vizuri, pima kutoka pale ngozi inapokunjwa kwenye bizimu mpaka tundu unalolitumia, hiyo ndo namba ya tundu la katikati. Yatobolewe matundu matano, sentimita 2.5 kati ya moja na jingine. Upana pima kwanza vitanzi vya suruali zako, mkanda wa 4 hauingii kwenye kitanzi cha 3.5 hata ubembeleze.

Skafu: mraba wa 90 kwa 90 ndo kipimo cha zile skafu maarufu za hariri. Kata 92 kwa 92. Kitambaa kikatwe kikiwa kimenyooka kabisa na nyuzi zake, kikiwa mshazari hata kidogo mraba utajivuta uwe kama kishada. Kingo za mashine zinakuwa ngumu na bapa, kingo za kuvingirisha kwa mkono zinakuwa nono na ndo zinazopendeza shingoni. Inachukua muda, kwa hiyo mlipe fundi vizuri au jifunze mwenyewe, ni sindano nyembamba na uvumilivu tu.

Vibana nywele vya kitambaa tumia mabaki ya begi kama sio mazito, au mabaki ya bitana: kipande cha 55 kwa 10, lastiki ya sentimita 20, ndani ya dakika kumi fundi kamaliza.

Na jambo ambalo wengi wanalisahau wakishalipenda begi lao: muombe fundi karatasi za kukatia, yaani karatasi zenye umbo la kila kipande cha begi. Ziandike tarehe, jina la begi na kile ulichotamani kibadilike, mfano mikono iongezwe 3, mfuko wa simu usogee juu, zikunje uziweke kwenye bahasha. Begi la pili hutaanza na gazeti wala hesabu, utaenda na bahasha na kitambaa, na fundi atakata siku hiyo hiyo.